Uso Mwekundu wa Baba

Nyumbani kwa Shangazi Siatua,
Mangere, Auckland,
Nyuzilandi.

Jumatano, 16 Agosti 2023.

Mpendwa mdogo wangu Etuale,

Hujambo huko Kalgoorlie? Kifua kinaendeleaje na vumbi la mgodi? Unapika, au bado unaishi kwa mkate na chai? Mimi ni mzima wa mwili, ila situlii. Tangu asubuhi nimefagia jiko la Shangazi mpaka ameninyang'anya ufagio. "We Pativaine, hebu kaa chini, utatoboa sakafu ya watu!" Basi nimekaa, na kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bure, nakuandikia wewe.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu umetufungia sote. Nimepiga mpaka nimechoka kumsikiliza yule mwanamke wa kwenye mashine. Iakopo anaruka kesho kwenda Perth, huko kwenu Australia, na ameapa mbele ya Shangazi kwamba atafika mpaka mlangoni kwako na kukusimamia hadi umalize kusoma. Ukitaka kumfukuza jaribu, lakini binamu yako amenenepa siku hizi, shauri yako.

Nilitoe neno lenyewe mapema, nisije nikalizungukazunguka. Baba ni mgonjwa. Ana uvimbe kwenye utumbo mdogo, ni saratani, na imeshafika kwenye ini. Alhamisi ya wiki ijayo anapasuliwa hapa Auckland. Usiitupe barua. Siyo saratani ile ya kumchukua mtu kwa msimu mmoja kama ilivyomchukua Mama, nitakueleza. Lakini kisu ni kisu, na Baba siyo kijana, na mimi nataka uje kabla ya siku hiyo.

Najua unachosema sasa hivi. Unasema, "Pombe imemla ini, acha imle." Ndiyo maana nakuandikia. Baba hajawahi kunywa, Etuale. Hata tone. Nisikilize nikusimulie, nami nitajaribu kutosimama.

Ilianza miaka minne iliyopita, kwenye kwaya. Unamjua Baba anavyoongoza, kwa mikono na mabega na nyusi. Katikati ya wimbo uso wake ulikuwa unaiva ghafla, kuanzia kifuani hadi kwenye nywele, kama mtu aliyeinamia tanuri la mawe. Halafu jasho. Halafu anashika tumbo, anampungia mkono mtu wa besi aendelee, na kutoka mbio kwa mlango wa nyuma kwenda chooni. Anarudi wimbo umekwisha, macho yamelowa, kifua kinapiga mluzi.

Sasa niambie, watu wa kijijini kwetu Fagaloto wakimwona shemasi wao anatoka kanisani mbio na kurudi mwekundu, watasema nini? Watasema anaharisha? Thubutu! Walisema kaficha chupa nyuma ya choo. Watoto wa shule ya Jumapili walikwenda kuitafuta, wakachimba mpaka mchungaji akawafukuza. Mzee Pulotu, shemasi mwenzake wa tangu ujana, akaanza kumnusa wanapopeana mikono. Nilimwona kwa macho yangu akivuta pumzi, mshenzi yule, Mungu anisamehe.

Na Baba hakujisaidia. Kwake aibu ya kuharisha ilikuwa kubwa kuliko aibu ya ulevi. Leilua mzima, mkuu wa ukoo, asimame kwenye baraza aseme tumbo linamwendesha? Afadhali afe. Akaacha kula kabla ya ibada, akawa anakonda, na kukonda nako kukaandikwa kwenye hesabu ya pombe.

Habari zikakufikia. Nani aliyekuletea sijui, na leo hainihusu. Ninachojua ni kwamba Krismasi ya mwaka juzi Iakopo alikuja kutoka kwako akasimama sebuleni kama mtu aliyekanyaga msumari, ana boksi mkononi, na ndani ya boksi chupa ya wiski. Akasema, macho chini, "Etuale anasema, kwa afya ya shemasi, mlevi mwenzangu."

Nilitaka kwenda kuipasua kwenye jiwe. Baba akanizuia. Aliipokea kwa mikono miwili, mdogo wangu, kama mtu anavyopokea kitu cha heshima, akaiweka kabatini nyuma ya vikombe. Nikamwuliza, "Baba, hii ya nini ndani ya nyumba?" Akanijibu bila kugeuka, "Ni kitu pekee alichonitumia mwanangu tangu aondoke." Nilikwenda nje nikawapigia nguruwe kelele.

Haikupita miezi mitatu mashemasi wakaja nyumbani na mchungaji Nofoaiga, ati kumwombea Baba. Pulotu akakohoa, akasema anataka maji, akainuka kujichukulia kikombe mwenyewe kama yuko kwake. Akafungua kabati. Nilisikia vikombe vikisogezwa, kisha, "Yesu wangu!"

Nikaruka. Nikasema, "Tazameni kifuniko, haijafunguliwa!" Pulotu akaigeuza mkononi, akasema, "Ndiyo, hii ni ya kesho. Ya jana imekwisha." Mmoja akacheka. Mchungaji akamwuliza Baba taratibu, "Leilua, chupa hii imetoka wapi?" Nikafungua mdomo wangu niseme, na Baba akanitazama. Unalijua jicho lile. Akasema, "Ni yangu."

Wakamvua ushemasi. Wakampa Pulotu kwaya, Pulotu asiyejua wimbo unaanzia wapi. Baba akawa anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na hata hilo wakasema kachagua ili atoke kirahisi kunywa. Mwaka mzima, Etuale. Neno moja tu angelisema, "Mwanangu ndiye aliyenitumia kwa kunidhihaki," na kijiji kizima kingegeuka. Hakulisema. Chupa iliyomvua Baba ushemasi ni ile yako.

Ngoja, Baba ananiita.

Nimerudi. Alikuwa anatafuta soksi ya pili. Anasema baridi ya nchi hii imefichwa chini ya sakafu na inamsubiri yeye tu ashushe miguu. Soksi ilikuwa mguuni tayari, alizivaa zote mbili mguu mmoja. Tumecheka kidogo, lakini moyo wangu haukukaa.

Niendelee. Mwaka jana mwishoni maumivu yakamshika, ya kujikunja sakafuni. Nikampeleka kwa daktari wa kwanza, sitamtaja. Akapima damu, akaona ini haliko sawa, akauliza, "Mzee, unakunywa kiasi gani?" Baba akasema sinywi. Daktari akatabasamu lile tabasamu, akampa vidonge vya tumbo na karatasi ya mawaidha juu ya pombe. Baba akaikunja akaitia mfukoni.

Nilikataa kunyamaza. Nikampandisha meli nikampeleka Apia kwa Daktari Vaosa, yule mama mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki. Huyu hakuuliza pombe. Alimlaza, akampapasa tumbo, akafika chini ya mbavu za kulia akabonyeza ini. Na uso wa Baba ukaiva palepale! Asubuhi kweupe, mezani pa daktari, hakuna chupa wala choo karibu. Daktari akaondoa mkono, akasubiri, wekundu ukapungua. Akabonyeza tena, ukarudi. Akasema, "Mzee wangu, wewe hulewi. Kuna kitu ndani yako kinamwaga dawa kwenye damu yako."

Baba akageukia ukutani. Mimi nilidhani amekasirika kubonyezwa. Kumbe analia.

Akatueleza kwamba kuna uvimbe wa namna ya peke yake unaoota kwenye chembe za utumbo zinazotengeneza homoni. Unakuwa mdogo, unakaa kimya miaka, lakini ukifika kwenye ini humwaga homoni nyingi kwenye damu, na hiyo ndiyo inayoleta wekundu, kuharisha na mluzi wa kifua. Chakula kinauchokoza, kazi ngumu inauchokoza, furaha na hasira pia. Mtu akiongoza wimbo kwa moyo wote, basi ameuchokoza. Akasema duniani kote wagonjwa wa namna hii huzungushwa miaka, mmoja anaambiwa ana vidonda vya tumbo, mwingine pumu, mwanamke anaambiwa ni umri umemfika. Sisi tu ndio tuliosema shemasi amelewa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa mkojo wa siku nzima, usiku na mchana, unawekwa kwenye dumu na kukaa kwenye baridi. Na kabla yake siku tatu bila ndizi, bila nanasi, bila parachichi, bila kakao, maana vinaongeza kitu kilekile wanachokipima. Nikamwambia daktari, "Mama, umetuambia tusile Samoa." Akacheka, akasema, "Magimbi ruhusa." Tukarudi kisiwani kwetu Savaii na dumu letu jipya. Baba alikula magimbi na samaki bila kunung'unika, na wewe unamjua Baba na kakao yake ya asubuhi.

Siku ya tatu ikawa Jumapili. Nami nilishamweleza mchungaji kwamba huenda ni ugonjwa, nikidhani nafanya jambo jema. Mchungaji akatuma mtu, Leilua aje ale chakula cha mchana nyumbani kwake. Mara ya kwanza tangu wamvue! Baba akavaa shati jeupe. Tukaketi, na mama mchungaji mwenyewe, kwa mikono yake, akamwekea mbele sinia la ndizi mbichi zilizopikwa kwa tui, na bakuli la kakao likifuka moshi. Watu wote wakatulia kumtazama kama atapokea.

Nikamkanyaga mguu. Akala. Nikamkanyaga tena. Akaomba aongezwe, jamani! Tulipotoka nikamwambia, "Baba, umeharibu kipimo!" Akasema, "Nilikuwa nachagua kati ya mkojo na mchungaji, ulitaka nichague mkojo?" Na dumu tukalipeleka hivyohivyo, kwenye meli, ndani ya boksi la barafu lililofunikwa shuka. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Leo Leilua kabeba dumu zima!" Baba akamjibu, "Karibu uonje." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu chupa ile ionekane.

Bila shaka Daktari Vaosa alilimwaga lote na kutukaripia kama watoto. Tukarudia, safari hii nikamfungia Baba kwa shangazi wa Apia na kumwambia kila aliyebisha hodi kwamba amelala. Majibu yakarudi juu mno, hata bila ndizi. Picha ya tumbo ikaonyesha madoa kwenye ini. Wakachukua kipande kwa sindano ndefu, wakakileta Auckland kukitazama kwa darubini, na jina la ugonjwa likathibitika.

Mchungaji akautangaza ugonjwa huo kanisani. Sikuwepo, nilikuwa bado Apia na Baba. Siku ya pili baada ya kurudi, alfajiri, mvua inanyesha, nikafungua mlango kumwaga maji. Nikawaona. Pulotu na mashemasi wote, wamepiga magoti kwenye changarawe mbele ya nyumba yetu, vichwa chini, na mkeka wa heshima wamejifunika juu yao, kama wafanyavyo kwetu wenye kosa wanaoomba radhi. Mkeka wa ukoo wa kina Pulotu, ule uliofumwa na bibi zao, laini kama kitambaa, umelowa.

Mimi, nikwambie kweli, niliwaacha. Nikafunga mlango nikasema walowe mpaka mifupani. Nilimtaka Pulotu apige chafya mbele ya watu. Baba alikuwa macho, amekaa kitandani, anasikiliza mvua. Alikaa muda mrefu. Kisha akatoka bila viatu, akauinua mkeka kwenye vichwa vyao, akamshika Pulotu kwapani akamsimamisha. Pulotu alilia kwa sauti. "Leilua, sikukuuliza. Nilikuona tu nikasema." Baba hakumjibu kitu ila, "Ingieni ndani, mtaumwa." Na mkeka ukabaki kwetu, kama desturi inavyotaka.

Serikali ikatuleta huku mwezi wa Juni. Kwenye uwanja wa ndege wa Auckland binti mmoja wa ukaguzi akamfungulia Baba sanduku, akakuta mkeka umekunjwa juu kabisa, juu ya nguo na Biblia. Wanaogopa wadudu wa majani. Akauliza ni wa nini. Baba akasema, "Ni wa mwanangu." Nikadhani amechanganyikiwa na safari, ana maana ya dada yake, zawadi ya kutupokea kwake. Nikamsahihisha kwa binti yule, hata nikacheka.

Hapa wamempima kila kitu. Walimdunga dawa yenye mionzi inayojibandika kwenye chembe zile tu, wakamwingiza kwenye mashine, na kila mahali zilipo pakawaka kama taa. Uvimbe wenyewe ni mdogo kama harage, Etuale! Harage moja mwishoni mwa utumbo mdogo, na tezi chache kando yake zilizokwisha kukaza na kuuvuta utumbo, ndiyo maana ya maumivu yale ya kujikunja. Na kwenye ini madoa. Wanasema hatua ya nne, kwa sababu imetoka ilikoanzia na kufika kwenye kiungo kingine.

Shangazi aliposikia hatua ya nne akaanza kupiga simu kuulizia wimbo wa mazishi. Daktari akamketisha. Akasema hatua ni habari ya ulipofika, na daraja ni habari ya unavyokimbia, na huu haukimbii, unatambaa. Chini ya darubini, katika chembe mia, zinazozaliana ni mbili tu. Wako watu wanaishi nao miaka mingi, wanalima, wanaimba. Basi usimlilie Baba kama maiti. Lakini wala usiniambie iko siku nyingine ya kuja.

Kila mwezi anachomwa sindano ya kuziba mdomo wa homoni zile. Nene, kwenye tako. Nesi wa kwanza aliposhusha shuka akakutana na mchoro wake wote wa wino uliochanjwa ngozini, kutoka kiunoni mpaka magotini, akasimama na sindano yake hajui pa kuanzia. "Mzee, nichome wapi?" Baba akasema, "Binti, hiyo nyumba yote ilijengwa kwa sindano, chagua chumba." Nesi alicheka mpaka akakaa. Na tangu sindano ile uso haujaiva tena, na choo kimetulia. Jumapili iliyopita aliimba kanisani hapa Mangere wimbo mzima bila kutoka. Nilikuwa nahesabu beti nimeshika kiti cha mbele.

Moyo pia wameutazama, maana homoni zile hukakamaza milango ya moyo upande wa kulia. Umeanza kukaza kidogo tu, wanasema anaweza kuhimili. Siku ya kupasuliwa watamwekea dawa ileile ya sindano kwenye mshipa tangu usiku wa kuamkia, kwa sababu mtu mwenye uvimbe huu akilazwa usingizi wa kisu bila kukingwa, unaweza kumwaga kila kitu kwa pamoja na kumshusha mapigo. Hapo ndipo ninapoogopa. Wanajua kazi yao, lakini mimi nimeshaliwaza neno hilo mpaka naliota usiku.

Watakata kipande cha utumbo chenye harage, watatoa tezi, watatoa na kifuko cha nyongo ili sindano zisije kukitia mawe. Madoa ya ini watayaacha kwanza, wayachunge kwa picha na sindano, na yakianza kuleta fujo kuna dawa nyingine ya mionzi inayoyafuata yalipo. Baba aliuliza swali moja tu, kama kisu kitapita kwenye kitovu, pale mchoro wake ulipomalizikia. Mpasuaji akasema atakizunguka. Baba akamwambia, "Zunguka vizuri, alama ile ndiyo iliyonifanya mtu."

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nifagie jiko.

Jana nilikuwa napanga sanduku lake la hospitali. Nikautoa mkeka ule nimpe Shangazi, nikasema, dada yake ameungoja tangu Juni. Baba akaniambia niurudishe. Nikasema, "Baba, hospitali hulalii mkeka." Akasema, "Siyo wa hospitali. Nikipona, nikiweza kusimama, nakwenda Kalgoorlie."

Nikamwuliza kwenda kufanya nini. Akasema, "Kupiga magoti mlangoni kwake."

Shangazi alidondosha sahani. Akamwambia, "Leilua, una wazimu! Baba hapigi magoti kwa mwanawe! Nani amewahi kuona?" Baba akawa anakunja shati lake, analikunja na kulikunjua. Akasema, "Waliniona mwekundu wakasema nimelewa. Hawakuniuliza. Mwaka mzima nilikaa benchi la nyuma na nikawa namwona Etuale tu. Nilimsimamisha mbele ya kanisa zima na kumfukuza kwa maneno ya watu, kwamba alionekana na wale vijana wa bia uwanjani. Sikumwuliza kama alikunywa. Mpaka leo sijui. Pulotu alikuja kwangu na mkeka, mimi niliyemfukuza mwanangu nimekwenda na nini?"

Hata mimi sijui kama ulikunywa siku ile, mdogo wangu. Sote tulikaa kwenye mabenchi, na hakuna aliyekuuliza.

Nimemwambia tutakupigia simu. Akasema jambo hili halifanywi kwa simu. Nimemwambia yuko mgonjwa, Kalgoorlie ni mbali, jua la kule litamuua kabla ya saratani. Akasema basi atafia mlangoni, ni mahali pazuri pa kufia kwa mwenye kosa. Unamjua. Akishasema hivyo, amesema. Ameshamwuliza Iakopo nyumba yako inaelekea wapi na kama mbele kuna simenti au changarawe.

Etuale, tafadhali. Mimi ni dada yako, na kwetu unajua neno la dada kwa kaka yake ni neno gani. Sijawahi kukudai nalo kitu hata mara moja, leo nadai. Kasirika, ni haki yako. Njoo ukiwa umekasirika. Mwulize hapa, kitandani, kabla hawajamlaza usingizi, kwa nini hakukuuliza. Mpigie kelele ukitaka, nitafunga mlango manesi wasisikie. Lakini usingoje siku utakapofungua mlango wa nyumba yako asubuhi unakwenda zamu, umkute mzee wa miaka sitini na nane, na kovu jipya tumboni, amepiga magoti na mkeka kichwani. Utakuwa umeona kitu ambacho hutaweza tena kuacha kukiona.

Na kama asipoamka Alhamisi, mkeka ule nitauleta mimi, na hilo sitaki kulifanya.

Shangazi Siatua anakusalimu, anasema chumba cha mbele amekitandika na hita ya kukupasha joto ipo. Mchungaji Nofoaiga anakuombea. Pulotu naye ametuma salamu, amemrudishia Baba kwaya, anasema inamngoja, na mimi namwekea salamu zake hapa kwa sababu tu nimeahidi. Iakopo unaye mbele yako, mpe chakula. Chupa bado iko kabatini Fagaloto, nyuma ya vikombe, na kifuniko chake.

Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake, akufikishe hapa salama, na anipe mimi utulivu wa kukungoja. Salamu za Baba sikuandikii. Hajui kama nakuandikia, na zake anataka kukuletea mwenyewe.

Dada yako akupendaye, ambaye hatakaa chini mpaka akuone,

Pativaine